Waterman: kalamu ya New York iliyogeuka kuwa ya Ufaransa

Kwenye pete ya kifuniko cha kalamu ya Waterman ya siku hizi pameandikwa Paris. Kalamu yenyewe imeundwa Saint-Herblain, pembezoni mwa mji wa Nantes, magharibi mwa Ufaransa. Mtu aliyeipa jina, Lewis Edson Waterman, alikuwa Mmarekani aliyezaliwa jimbo la New York mwaka 1837, na biashara yake aliianzia Manhattan. Mmiliki wa leo ni kampuni ya Marekani. Katikati ya safari hiyo kuna mahali ambapo Waterman ya Marekani ilinunuliwa na Mfaransa, Marcel Bich, yule wa kalamu za Bic. Ila Waterman za Ufaransa hazikuwa zikitengenezwa na yeye. Zilitengenezwa na watu wengine kabisa, na watu hao walikuwa wakishindana naye.

Anayesoma haya kwa mara ya kwanza hudhani tarehe zimechanganywa. Hazijachanganywa. Kinachotuchanganya ni kuita kwa jina moja vitu vitatu ambavyo havikusafiri pamoja: chapa, kampuni na karakana. Chapa ilivuka bahari mapema. Kampuni iliyoizaa ilibaki Marekani na ikafia huko. Karakana iliyoendelea kuunda kalamu nzuri za jina hilo ilikuwa ya Wafaransa, na ilijijenga yenyewe miaka mingi kabla mama yake hajafa. Nimewasikia wanaosema kwamba Waterman kuwa ya Kifaransa ni pambo la matangazo tu. Nawapinga, na sababu yangu kubwa ni kitu kidogo kilichotoka Ufaransa, ambacho leo kimo ndani ya kalamu nyingi za wino zinazouzwa: katriji, kichupa kidogo cha wino kinachochomekwa ndani ya kalamu.

Lakini tuanze New York. Waterman alikuwa wakala wa bima. Hadithi inayosimuliwa kila mahali ni kwamba siku moja kalamu yake ilimwagia mkataba wino, akaenda kutafuta karatasi nyingine, na aliporudi akakuta wakala mwingine ameshachukua biashara; kwa uchungu akaamua kubuni kalamu isiyovuja. Ni hadithi tamu, na kampuni iliitangaza kwa miongo mingi. Watafiti wa historia ya kalamu wameitafuta katika maandishi ya wakati wa uhai wake bila kuiona. Ilianza kusambaa yeye akiwa ameshazikwa. Mimi nimeiweka kando bila masikitiko, kwa sababu alichofanya kweli kinatosha kumheshimu.

Kalamu inayobeba wino tumboni ina tatizo moja gumu. Wino ukitoka, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, la sivyo wino unakwama. Na hewa ikiingia kwa fujo, wino unamwagika. Pindua chupa ya maji kichwa chini uone: maji hayatoki kwa utulivu, yanatoka kwa vipindi, kwa sababu maji na hewa vinagombania mlango mmoja. Kalamu nyingi za kabla ya miaka ya 1880 zilikuwa hivyo. Mara zinakauka katikati ya sentensi, mara zinadondosha tone zima juu ya karatasi.

Waterman alishughulikia kipande kinachokaa chini ya nibu, yaani ncha ya chuma inayoandika; kipande kile kinachopitisha wino kutoka tumboni hadi nchani. Alikichonga kwa mpira mgumu, akakipa mfereji, na ndani ya mfereji huo akakata nyufa nyembamba sana. Wino unashuka kwenye nyufa kwa nguvu ileile inayofanya utambi wa taa unyonye mafuta, na hewa inapanda juu kwa nafasi iliyobaki. Kila kimoja kina njia yake. Hataza yake, yaani hati ya serikali inayolinda uvumbuzi, ilitolewa tarehe 12 Februari 1884. Wengine walikuwa wakihangaika na tatizo hilohilo, na hakuwa wa kwanza kuuza kalamu yenye wino ndani, lakini yake ilifanya kazi kwa uhakika, na alikuwa na kipaji cha kuuza. Aliziita Ideal, akazitolea dhamana ya miaka 5, akazitangaza magazetini.

Mwaka 1900 kalamu hizo zilipata medali ya dhahabu katika Maonyesho ya Dunia ya Paris. Mwaka uliofuata Waterman akafariki. Usukani ukachukuliwa na mpwa wake, Frank D. Waterman, mfanyabiashara mwenye nguvu aliyeifanya kampuni hiyo kuwa kubwa kuliko zote za kalamu duniani. Alikuwa mtu wa makuu: mwaka 1925 aligombea umeya wa jiji la New York kwa tiketi ya chama cha Republican, akashindwa na Jimmy Walker. Kalamu zake zilikwenda Kanada, Uingereza na Ulaya bara. Huko ndiko anakoingia mtu ambaye vitabu vingi vya historia ya biashara vinampita haraka mno.

Jina lake lilikuwa Jules Isidore Fagard. Alianza kuuza kalamu za Waterman Ufaransa karibu na wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, na herufi za mwanzo za majina yake zikawa jina la kampuni yake: JiF. Mwanzoni alikuwa wakala kama mawakala wengine, anapokea mzigo kutoka ng'ambo na kuusambaza madukani. Baadaye akapata haki ya kutengeneza, na mwaka 1926 ikazaliwa JiF-Waterman, kampuni ya Kifaransa yenye chapa ya Kimarekani. Huo ndio mwaka wa kuushika kichwani, kwa sababu tangu hapo kulikuwa na Waterman mbili zinazotumia jina moja kwa makubaliano, kila moja na kiwanda chake, wahandisi wake na wateja wake.

Tofauti zilianza kuonekana upesi, nyingine kwa sababu za kisheria. Ufaransa ilikuwa na masharti makali juu ya dhahabu: kitu kilichopungua karati 18 (karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu) hakikuruhusiwa kuuzwa kwa jina hilo, na hali hiyo ilidumu hadi miaka ya 1990. Nibu za Marekani zilikuwa za karati 14. Kwa hiyo nibu za JiF-Waterman zilitengenezwa kwa karati 18 na kupigwa muhuri mdogo wa serikali wenye kichwa cha tai, alama inayotumika Ufaransa tangu karne ya 19. Wako wanaoamini kwamba karati 18 ni laini zaidi mkononi. Ulaini wa nibu unategemea zaidi unene wake na umbo lake kuliko karati, na sehemu inayogusa karatasi wala si dhahabu. Ni chembe ya madini magumu iliyochomelewa nchani. Ila muhuri wa tai unapendeza kuutazama, hilo sikatai.

Sasa katriji. Katika miaka ya 1920 kujaza kalamu kulikuwa kazi. Kalamu za zamani zilifunguliwa na kudondoshewa wino tone kwa tone. Zilizofuata zilikuwa na kifuko cha mpira ndani na wenzo mdogo ubavuni: unachovya nibu kwenye chupa, unainua wenzo, kifuko kinaminywa, unauachia, kinafyonza. Vidole vinachafuka, kitambaa kinahitajika, na lazima chupa iwe karibu. Kifuko nacho huoza baada ya miaka kadhaa na kulowesha mfuko wa shati.

Mkemia wa JiF-Waterman aliyeitwa Perraud alikuja na njia nyingine: wino ufungwe kiwandani ndani ya kichupa chembamba cha kioo, mwandishi akichomeke ndani ya kalamu, na kikiisha akitupe na kuchomeka kingine. Hilo lilikuwa mwaka 1927. Kalamu zenye katriji hizo za kioo ziliingia madukani mwaka 1936. Haki inadai niseme kwamba wazo lenyewe lilikuwa limewahi kuonekana Marekani, ambako kampuni ya Eagle Pencil iliuza kalamu yenye kichupa cha kioo karibu na mwaka 1890. Halikushika. Wafaransa ndio walioling'ang'ania mpaka likawa bidhaa ya kila siku, na waliendelea nalo hata pale ambapo wenzao wa New York hawakulijali.

Kwa nini Ufaransa hasa? Jibu langu ni shule. Mtoto wa Kifaransa wa wakati ule alijifunza kuandika kwa nibu ya chuma ya kuchovya, ile maarufu ya Sergent-Major iliyotoka viwanda vya Boulogne-sur-Mer, na kwa wino wa zambarau uliomiminwa ndani ya kikombe kilichotobolewa kwenye dawati. Mwandiko ulikuwa somo lenye alama zake. Herufi ilitakiwa kuwa nyembamba inapopanda na nene inaposhuka, na hilo hupatikana kwa nibu. Nchi iliyowafundisha watoto wake wote kuandika hivyo ilikuwa na soko kubwa linalosubiri kalamu safi, isiyohitaji chupa, ambayo mtoto anaweza kuijaza mwenyewe bila kuharibu daftari. Kioo hakikuwa salama mikononi mwa mtoto. Plastiki ilipokuja baada ya Vita Kuu ya Pili, kizuizi hicho kikaondoka.

Kufikia hapo Fagard alikuwa ameondoka, na kampuni iliongozwa na mwanamke, Elsa Le Foyer, jambo lisilo la kawaida kwa kiwanda cha Kifaransa cha enzi hizo. Mwaka 1953 chapa hiyo ilianza kutoa kalamu iliyoitwa C/F, iliyoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya katriji ya plastiki. Ilikuwa na mwili mwembamba wenye mistari ya kasi kama vyombo vya usafiri vya wakati ule, na nibu ndogo iliyolazwa ndani ya mdomo wa kalamu. Huko Marekani ilikuwa pumzi ya mwisho ya kampuni mama. Huko Ufaransa iliendelea kutengenezwa kwa miongo kadhaa.

Kampuni mama ilikuwa imefanya nini kustahili kifo? Ilichelewa, na ilichelewa mara nyingi. Washindani wake Sheaffer walianza kutengeneza kalamu za seluloidi, aina ya plastiki ya mwanzo, zenye rangi mwaka 1924. Waterman ya New York iling'ang'ania mpira mgumu na kutoa yake ya seluloidi, Patrician, mwaka 1929. Frank Waterman akafariki mwaka 1938. Parker, washindani wengine, walitoa kalamu yao iliyoitwa 51 mwaka 1941 na kuchukua wateja wa ngazi ya juu. Halafu ikaja biro, kalamu inayoandika kwa kijipira kinachozunguka nchani. Mhungari László Bíró, aliyekimbilia Argentina, ndiye aliyeifanya ifanye kazi, na tarehe 29 Oktoba 1945 duka la Gimbels jijini New York liliuza maelfu ya biro kwa siku moja, kila moja dola 12.50. Zilikuwa mbaya, zilivuja, watu wakadai fedha zao. Lakini mlango ulikuwa umefunguka, na kampuni iliyokuwa ikisubiri kizazi kizee cha wateja wake haikuwa na la kufanya.

Marcel Bich naye alikuwa amejifunza biashara hii kupitia kalamu za wino. Alizaliwa Turin, Italia, mwaka 1914, na mwaka 1945 yeye na mwenzake Édouard Buffard walifungua karakana Clichy, kando ya Paris, wakitengeneza sehemu za kalamu za wino na za penseli za kusukuma. Aliona biro zile za bei kubwa, akanunua haki kutoka kwa Bíró, akatafuta mashine za usahihi wa hali ya juu za kutengeneza kijipira, na Desemba 1950 akatoa Bic Cristal. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji maelezo zaidi. Kwa miaka mingi Bic zilitengenezwa Nairobi na kampuni ya Haco kwa leseni, mpaka mwishoni mwa 2018 Bic yenyewe ilipoichukua shughuli hiyo. Septemba 2006 kampuni ilitangaza kuwa imeuza kalamu bilioni 100 duniani.

Bich alipotaka kuingia Marekani hakutaka kuanza na kiwanja kitupu. Mwaka 1958 alinunua asilimia 60 ya Waterman ya Marekani, iliyokuwa hoi katika mji wa Seymour, Connecticut, kwa dola milioni 1. Alichonunua kilikuwa kiwanda, wafanyakazi, wauzaji wanaojua maduka yote, na jina ambalo muuza duka wa Marekani hangelifungia mlango. Kampuni ikaitwa Waterman-Bic na kuanza kuuza biro za senti 29. Mwaka 1963 ilihamia Milford. Mwaka 1971 neno Waterman likafutwa kabisa kwenye jina, ikabaki Bic Pen Corporation.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nirudie polepole. Bich hakuinunua JiF-Waterman. Kampuni ya Paris ilikuwa na haki zake, wamiliki wake na kiwanda chake, na iliendelea kuuza kalamu za wino katika nchi ileile ambako Bich alikuwa akizifuta madukani. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960 jina la Waterman upande mmoja wa bahari lilikuwa mali ya mtu wa biro, na upande wa pili lilikuwa la watu waliokuwa wakipambana na biro. Waliodumu nalo ni hawa wa pili.

Pambano lilikuwa kali. Kwa miaka mingi wizara ya elimu ya Ufaransa haikuitaka biro darasani. Walimu waliilaumu kwamba inaharibu mwandiko. Ulinzi huo uliondoka Septemba 1965, waraka wa wizara uliporuhusu biro shuleni. Kwa kiwanda kilichotegemea madaftari ya watoto, lilikuwa pigo kubwa. Wazalishaji kadhaa wa Kifaransa wa kalamu za wino walidhoofika au kutoweka katika miaka ile. Majina kama Stylomine na Gold Starry leo yanajulikana na wakusanyaji tu.

Waterman iliokolewa na Francine Gomez, aliyetoka katika familia iliyokuwa ikiiongoza kampuni na akachukua uongozi mwaka 1969 akiwa bado katika umri wa miaka ya thelathini. Kwangu yeye ndiye mtu wa pili muhimu baada ya Fagard. Alielewa kwamba kushindana na kitu cha kutupwa kwa bei ni kujiua, akaipeleka kalamu upande wa pili: iwe kitu cha kupewa mtu anapohitimu, anapopandishwa cheo, anapostaafu. Kalamu zikawa nzito, zilizopakwa laka (rangi ngumu inayong'aa) na za madini, zenye masanduku mazuri. Mwaka 1983, miaka 100 ikihesabiwa tangu Lewis Waterman aanze, ikatoka Man 100 iliyosanifiwa na Alain Carré: kubwa, nyeusi, nibu ya karati 18 pana kama jani. Ilitoka wakati ambapo wengi walikwisha kusoma dua ya kalamu ya wino, na ikanunuliwa. Gomez mwenyewe akawa mtu mashuhuri Ufaransa, hata mwaka 1984 akaongoza orodha ya wagombea katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya, ingawa kura hazikumtosha.

Mwaka 1987 Waterman iliuzwa kwa Gillette, Wamarekani wa nyembe za kunyolea. Chapa ikarudi mikononi mwa Marekani, na karakana ikabaki Ufaransa. Mwaka 1993 Gillette waliinunua Parker pia, mpinzani wa Waterman wa miaka yote, na mwishoni mwa 2000 wakauza kalamu zao zote kwa kampuni inayoitwa sasa Newell Brands. Mwaka 2009 Newell walitangaza kukifunga kiwanda cha Parker cha Newhaven, Uingereza, na kazi ya kalamu za hali ya juu ikahamishiwa Nantes. Kwa watu wa Newhaven, ambao ajira zipatazo 180 zilipotea, ilikuwa habari chungu. Kwa Saint-Herblain ilimaanisha kwamba jumba moja la Kifaransa sasa linaunda Waterman na Parker, majina mawili ya Kimarekani yaliyokuwa yakinyang'anyana wateja tangu karne ya 19.

Kalamu za kipindi hiki ni nzuri, nyingine nzuri sana. Edson ya mwaka 1992, iliyopewa jina la kati la mwanzilishi, ina mwili wa buluu unaopitisha mwanga. Carène ya mwaka 1997 ilisanifiwa kwa kufuata umbo la mashua, na nibu yake imepachikwa ndani ya mdomo wa kalamu, fikra iliyoanza na C/F. Ningemshauri anayetaka Waterman moja ya kudumu aanze na Carène.

Na ukiangukiwa na ya zamani, iwe ya urithi au ya sokoni, isome kwanza. Tarehe za hataza na neno New York kwenye mwili, pamoja na nibu ya karati 14, ni kampuni ya Frank. Pakiandikwa Canada, ilitoka kiwanda cha huko. JiF, karati 18 na kichwa cha tai ni karakana ya Fagard na waliomfuata. Ikiwa ni C/F, fahamu kabla hujalipa kwamba katriji zake zina umbo la peke yake na hazitengenezwi tena. Utalazimika kutafuta iliyotumika na kuijaza kwa sindano ya dawa. Waterman za siku hizi hazina shida hiyo: zina katriji yao ndefu, na zinapokea pia ile fupi ya kimataifa inayopatikana karibu kila duka linalouza vifaa vya kalamu za wino.